Unaipokea? Utangulizi wa Elimu ya Hoja

Bungeni Dodoma kuna desturi ambayo kila anayefuatilia vikao kwa redio au televisheni anaijua. Mbunge yuko katikati ya mchango wake, mwenzake anasimama na kusema, "Taarifa, Mheshimiwa Spika." Akiruhusiwa anaitoa: takwimu iliyotajwa ni ya mwaka juzi, mradi unaolalamikiwa umekwisha kukamilika, kifungu kinachonukuliwa kimefutwa. Spika humgeukia aliyekatizwa: "Mheshimiwa, unaipokea taarifa hiyo?" Jibu huja upesi kwa kuwa dakika zinahesabiwa. "Naipokea." Au: "Siipokei," na mchango unaendelea.

Swali hilo la Spika ndilo swali la elimu ninayokukaribisha kuisoma. Mtu anapopokea hoja, anapokea nini hasa? Anapoikataa, ameikatalia wapi: katika habari zilizotolewa, katika namna habari hizo zilivyofungwa na dai, au katika dai lenyewe? Je, anayekataa naye anadaiwa sababu, au anayedaiwa ni mtoa hoja peke yake? Kikao cha Bunge hakiwezi kumngoja mtu ajibu yote hayo. Darasa linaweza. Raia anayepiga kura, anayekaa kwenye kamati ya shule au anayesikiliza mahubiri anaweza pia, akitaka.

Nitaweka wazi tangu mwanzo ninachokisimamia, maana kurasa hizi zote zinakizunguka. Kukataa hoja si kukataa jambo linalotetewa, wala kupokea jambo si kupokea kila hoja inayolitetea. Dai la kweli laweza kutetewa kwa hoja mbovu, na dai la uongo laweza kuvikwa hoja nzuri yenye kasoro moja iliyojificha. Sehemu kubwa ya uchungu wa mijadala yetu, kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye mikutano ya vyama, kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, inatokana na kuyachanganya haya mawili. Mtu akisema "sababu yako hii haitoshi," mwenzake husikia "wewe na mimi hatuko pamoja." Ndiyo maana wabunge wengi huanza kwa kutamka kwamba wanaunga mkono hoja kwa asilimia mia moja, halafu ndipo wanaeleza yote yasiyowaridhisha ndani yake. Wanajua kwamba pasipo kinga hiyo, kasoro watakazozitaja zitahesabiwa kuwa upinzani.

Tuanze na vifaa, navyo si vingi. Hoja, kwa matumizi ya somo hili, ni dai pamoja na sababu zake. "Barabara ya kijiji chetu ijengwe kwanza" ni dai tu. "Ijengwe kwanza kwa kuwa masika gari la wagonjwa halipiti" ni hoja. Kati ya sababu na dai pana kiungo ambacho mara nyingi hakitamkwi, kwamba mahali pasipofikiwa na gari la wagonjwa panastahili kutangulizwa. Mwanafalsafa wa Uingereza, Stephen Toulmin, alikishughulikia sana kiungo hicho katika kitabu alichokitoa mwaka 1958, The Uses of Argument. Mwaka huohuo Chaïm Perelman na Lucie Olbrechts-Tyteca, wakiandika kwa Kifaransa kutoka Ubelgiji, walikumbusha kwamba hoja daima humwelekea msikilizaji fulani, na kwamba kinachokubalika kwa hadhira moja huenda kisikubalike kwa nyingine. Miaka ya 1970 walimu wawili wa Chuo Kikuu cha Windsor, Kanada, Ralph Johnson na Anthony Blair, wakayafupisha mengi ya haya kuwa maswali matatu ya kuiuliza sababu yoyote. Inakubalika? Inahusika? Inatosha? Nimefundisha kwa maswali hayo kwa miaka mingi, na sijapata mengine yanayoshikika kwa urahisi hivyo kwa mwanafunzi, mwanasheria na mwenyekiti wa mtaa.

Yanaonekana mepesi mpaka uyatumie. Tarehe 15 Agosti 2022, Mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya, Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto kuwa mshindi wa urais. Makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo hayo, na kesho yake wakaeleza sababu zao mbele ya waandishi wa habari. Mojawapo ilikuwa ya hesabu. Asilimia zilizotangazwa, walisema, zinazidi mia: Ruto 50.49, Raila Odinga 48.85, George Wajackoyah 0.44, David Mwaure 0.23. Jumlisha, utapata 100.01. Hiyo 0.01 iliyozidi, waliendelea, ni kama kura 142,000.

Chukua karatasi na kikokotoo. Jumla ya 100.01 ni sahihi kabisa. Sehemu hiyo ya sababu inakubalika. Lakini kura halali zilikuwa 14,213,027, na asilimia 0.01 yake ni kura 1,421 hivi. Kura 142,000 ni asilimia moja kamili, yaani nukta imeruka nafasi mbili. Na hata hizo 1,421 hazipo popote. Ruto alipewa kura 7,176,141, Odinga 6,942,930, Wajackoyah 61,969, Mwaure 31,987. Gawa kila moja kwa jumla na uendelee kugawa mpaka nafasi ya tano ya desimali: 50.48989, 48.84906, 0.43600, 0.22505. Zote nne, zikikadiriwa hadi nafasi mbili, zinapanda. Vijisehemu vinne vilivyopandishwa ndivyo vilivyozaa ile 0.01. Zijumlishe kabla ya kukadiria, utapata mia.

Sasa angalia tulichokikataa na tusichokikataa. Tumekataa sababu moja ya hesabu, na tumeikataa kwa njia ambayo mtoto wa sekondari anaweza kuirudia. Hatujathibitisha kwamba uchaguzi ule ulikuwa safi. Hatujagusa malalamiko mengine ya makamishna walewale, likiwemo lile kwamba hatua ya mwisho ya majumuisho iliendeshwa bila uwazi. Siku zile niliona watu wenye akili zao wakianguka pande zote mbili za kosa hili moja. Waliofurahia matokeo waliishika hesabu iliyokosewa wakaona kesi imekwisha. Waliohuzunika waliona kukiri kosa la hesabu ni kuisaliti kura yao, wakaitetea 142,000 hadi mwisho. Mahakama ya Juu, ilipoikataa kesi ya Odinga tarehe 5 Septemba kwa kauli moja ya majaji saba, haikuegemea hesabu ya vijiweni. Iliagiza fomu na mitambo ikaguliwe chini ya usimamizi wa msajili wake, na ikaamua kwa yaliyotoka huko.

Mahakama hiyohiyo miaka mitano kabla ilikuwa imeamua kinyume. Tarehe 1 Septemba 2017, majaji wanne kati ya sita walifuta ushindi wa Uhuru Kenyatta, ambaye kwa hesabu ya Tume alikuwa amempita Odinga kwa kura zipatazo milioni 1.4. Jaji Mkuu David Maraga alikuwa miongoni mwa wanne hao. Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u hawakukubaliana nao. Anayesoma siasa huona hapa ushindi wa upande huu na kushindwa kwa ule. Anayesoma hoja huona jambo la kuvutia zaidi, nalo ni mzigo wa kuthibitisha na namna unavyohama kutoka bega moja kwenda jingine. Mlalamikaji ndiye anayeanza nao. Akileta ushahidi wa kutosha kuibua shaka ya kweli, anayelalamikiwa anatakiwa ajibu. Mahakama iliamuru Tume ifungue mitambo yake ya kompyuta ili pande zote zione yaliyomo, na Tume haikutii amri hiyo kikamilifu. Majaji wengi wakauchukua ukimya huo dhidi yake: aliye na ushahidi mikononi, aliyeamriwa autoe, asipoutoa, basi anayoyadai mwenzake kuhusu ushahidi huo yanapata nguvu.

Majaji wawili waliobaki walikuwa na lao, na mwanafunzi wa hoja asilipite haraka. Kwao, fomu za karatasi zilikuwepo, zingeweza kuhesabiwa upya, na kasoro za kupeleka matokeo kwa mitambo hazikutosha kufuta matakwa ya mamilioni ya wapiga kura. Hapo ugomvi uko kwenye swali la tatu: inatosha? Sheria ya uchaguzi ilisema uchaguzi hautafutwa kwa kasoro ikiwa umefuata misingi ya Katiba na kasoro hizo hazikuathiri matokeo. Je, mlalamikaji avunje nguzo zote mbili, au moja inatosha? Majaji wengi walisema moja inatosha. Mimi naona walisoma sawasawa, kwa sababu matokeo yasiyoweza kukaguliwa hayawezi kusemwa kwamba hayakuathiriwa. Lakini sioni upuuzi upande wa pili, na ningemshuku mwalimu wa somo hili anayeuona.

Kuhusu nani anadaiwa nini, hakuna waliochimba kwa kina kama wanazuoni wa Kiislamu wa zama za kati. Shams al-Din al-Samarqandi, aliyeishi karne ya 13, aliandika risala fupi juu ya adabu za mjadala ambayo kwa karne nyingi ilisomwa na kufafanuliwa madrasani. Ndani yake pana watu wawili: mdai na muulizaji. Muulizaji ana njia tatu, na kila moja ina gharama yake. Njia ya kwanza ni kukataa sababu mojawapo na kuomba ithibitishwe. Anayefanya hivyo hadaiwi chochote, kwa kuwa hajadai kitu. Njia ya pili ni kuitangua hoja nzima kwa kuonyesha kwamba, ikipokewa, italazimisha kupokea jambo jingine ambalo wote tunajua si kweli. Njia ya tatu ni kusimamisha hoja nyingine yenye hitimisho la kinyume. Anayeipita njia hii amekuwa mdai naye, na mzigo sasa uko kwake. Mjadala una mwisho: ama mdai ananyamazishwa kwa kukosa uthibitisho, ama muulizaji analazimika kukubali kwa kuwa hana tena pa kukatalia.

Ninaipenda njia ya kwanza kwa sababu inakaa vizuri katika adabu zetu. Kijana akiwa mbele ya mzee wake kwenye kikao cha ukoo, au mke wa kuolewa mbele ya wakwe, hawezi kusema "si kweli." Lakini anaweza kusema: "Baba mkubwa, nimekuelewa. Naomba unifahamishe, hilo la mpaka kufika kwenye mwembe tunalijuaje?" Heshima imebaki mahali pake, na mzigo umekaa kwa mwenye dai. Nimesikia mara nyingi ikisemwa kwamba utamaduni wa kuheshimu wakubwa hauruhusu watu kuhojiana. Hilo silipokei. Tunazo namna za kuuliza ambazo zimekomaa kuliko ubishi mwingi wa studio za televisheni. Tatizo ni kwamba mara nyingi mkubwa akiulizwa hivyo hajibu, na baraza linamruhusu asijibu.

Njia ya pili, ya kutangua, tuipime kwa mfano uliowagusa Watanzania wengi. Tarehe 21 Machi 2014, Rais Jakaya Kikwete alilihutubia Bunge Maalumu la Katiba. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba ilikuwa imependekeza serikali tatu ndani ya Muungano. Rais alizitazama takwimu za Tume yenyewe: kati ya wananchi 351,664 waliotoa maoni, waliozungumzia muundo wa Muungano walikuwa 47,820, sawa na asilimia 13.6. Hivyo, kwa hoja yake, asilimia 86.4 hawakuuona muundo wa Muungano kuwa tatizo.

Takwimu zinakubaliana na hesabu. Kiungo ndicho cha kutazamwa: kwamba asiyelitaja jambo ameridhika nalo. Tuitangue. Wananchi wale walisema waliyotaka kuyasema, huyu ardhi, yule pembejeo, mwingine madaraka ya wakuu wa wilaya. Tukipokea kwamba kunyamaza ni kuridhika, basi kwa kila jambo lililotajwa na wachache kati ya hao 351,664 tutahesabu kwamba wengi waliridhika nalo, na karibu hakuna ibara ya katiba ya zamani ambayo ingeweza kuguswa. Hoja imethibitisha mengi mno, kwa hiyo haijathibitisha hili. Lakini tena, na hili nalisisitiza, hatujathibitisha serikali tatu. Mtu anaweza kuamini serikali mbili kwa sababu za gharama, za historia, za hofu ya kuvunjika kwa Muungano, na Rais mwenyewe alitoa nyingine siku ile. Moja imeanguka, zilizobaki zinangoja kupimwa.

Weka ukimya huu kando ya ule wa Nairobi wa 2017. Kule aliyenyamaza alikuwa na ushahidi, aliulizwa, na aliamriwa. Hapa aliyenyamaza hakuulizwa swali hilo. Ukimya wa kwanza ni sababu inayohusika. Wa pili hauna uzito huo. Wanafunzi wangu wengi hutaka kanuni moja juu ya ukimya, na hakuna. Pana maswali tu: alijua? Alitakiwa aseme? Angeweza?

Tuko bado kwenye idadi, na siwezi kuiacha bila kurudi nyuma hadi 1991. Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikawaulize Watanzania kama wanataka kuendelea na chama kimoja au kuingia katika vyama vingi. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Takribani 77 katika kila 100 walitaka chama kimoja kiendelee, ingawa wengi wao walitaka mfumo huo urekebishwe. Takribani 21 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi. Serikali na CCM wakaupokea ushauri huo, sheria ikabadilishwa mwaka 1992, na Oktoba 1995 tukapiga kura ya kwanza ya vyama vingi tangu uhuru wa Tanganyika uwe mchanga.

Wengi wape, tunasema. Je, Tume iliwanyima wengi haki yao? Wapo wanaoshikilia hivyo mpaka leo, na hoja yao ina uzito: ukikusanya maoni kisha usiyafuate, uliyakusanyia nini? Mimi nadhani Tume ilifanya jambo gumu na la haki, na sababu yangu iko kwenye swali la pili, la kuhusika. Idadi ilithibitisha watu wanapenda nini. Swali lililokuwa mezani lilikuwa pana kuliko hilo: je, sheria iendelee kumzuia mtu kuunda chama? Anayependa chama kimoja anaweza kubaki ndani ya chama chake hata vikiwa ishirini. Anayependa chama kingine hana pa kwenda kikiwa kimoja. Wingi wa wale wa kwanza unaeleza kwa nini CCM ingeshinda uchaguzi, na ilishinda. Haujaeleza kwa nini wale wengine wanyimwe kushindana. Hata hivyo nakiri kwamba hoja yangu inawaachia wataalamu madaraka ya kuamua ni swali lipi hasa liko mezani, na madaraka hayo yametumika vibaya mara nyingi. Msomaji anayeikataa kwa sababu hiyo ameikatalia mahali pake.

Upo mjadala mwingine ambao kwetu hauishi, wa lugha ya kufundishia. Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike sekondari na baadaye vyuo vikuu. Serikali haikulipokea pendekezo hilo. Hoja iliyosikika wakati ule, na inayosikika kila mwaka matokeo ya kidato cha nne yakitoka, huenda hivi: vijana wetu wanakihitaji Kiingereza kwa kazi, kwa biashara na kwa kusoma nje, kwa hiyo wafundishwe kwa Kiingereza. Sababu ninaipokea bila kusita. Kiungo siwezi, kwa kuwa kinadhani kwamba lugha hujifunzwa vizuri zaidi kwa kufundishiwa baiolojia kwayo, hata na mwalimu ambaye mwenyewe anaitumia kwa taabu. Mwanafunzi anayekariri maelezo ya usanisinuru bila kuyaelewa amekosa baiolojia na amekosa Kiingereza. Somo la Kiingereza lililo imara na masomo mengine kwa Kiswahili lingelitimiza hitaji lilelile.

Lakini nikiwa upande wa Kiswahili, inanipasa kuwaambia walio upande wangu kwamba hoja yetu tuipendayo kuliko zote haitoshi. Japani imeendelea kwa Kijapani, tunasema, China kwa Kichina, kwa hiyo nasi kwa Kiswahili. Nchi hizo zilikuwa na mengine mengi: viwanda, vitabu, wafasiri waliolipwa na serikali, karne za shule katika lugha zao. Zinathibitisha kwamba inawezekana kuendelea kwa lugha ya nyumbani. Hazithibitishi kwamba lugha ndiyo iliyowaendeleza, wala kwamba kubadili lugha peke yake kutatuendeleza sisi. Hoja mbovu ikitetea jambo unalolipenda ndiyo inayokupima, kwa sababu hakuna atakayekushangilia ukiikataa.

Nitagusa kwa ufupi hoja za fasili, maana zina tabia yake. Katika miaka ya 1970, baada ya Euphrase Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, palizuka ubishi mkali iwapo tungo zisizo na vina na mizani ni mashairi. Waliosimamia mapokeo walikuwa na Sheria za Kutunga Mashairi ya Kaluta Amri Abedi, ya mwaka 1954, nyuma yao. Mtu akisema "shairi ni tungo yenye vina na mizani, hii haina, basi si shairi," sababu zake na kiungo chake havina doa. Kinachobishaniwa ni fasili, nayo haikanushwi kwa kuleta mfano, kwa kuwa kila mfano utakaouleta atautoa nje kwa fasili ileile. Inabidi kuuliza fasili inatumikia nini na inaacha nini nje. Hapo ndipo waliounga mkono mashairi huru, kwa kuzikumbuka nyimbo na tungo simulizi za makabila yetu, walipopata nguvu.

Kisha kuna msemaji. "Huyu katumwa." "Huyo chawa tu." "Mtoto wa juzi." Vitabu vya kale viliyaweka haya yote katika kapu la makosa, na Charles Hamblin, katika kitabu chake cha 1970 juu ya hoja potofu, alilalamika kwamba waandishi walikuwa wakinakiliana orodha hizo bila kuzifikiri. Alikuwa na haki. Mara nyingine msemaji anahusika sana. Shahidi anayesema aliona gari likigonga, tunamtegemea yeye: macho yake, ukweli wake, undugu wake na dereva. Hapo kumhoji yeye ni kuihoji sababu yenyewe. Mhasibu wa kijiji anayesema fedha za zahanati zilitumika zote bila kuonyesha stakabadhi yuko katika hali hiyo. Lakini mwananchi anayefungua daftari la mapato na matumizi mbele ya mkutano, akaonyesha kwamba mifuko 40 ya saruji iliandikwa mara mbili, hatuhitaji tena kumwamini. Daftari liko mezani. Awe ametumwa na mgombea aliyeshindwa, awe na kisasi na mwenyekiti, mifuko 40 imeandikwa mara mbili au haikuandikwa, na kila aliyepo anaweza kusogea kutazama. Nimehudhuria mikutano ya namna hii. Mara nyingi nusu saa nzima hupita watu wakijadili nani kamtuma mtu huyo, na daftari linafungwa bila kusomwa. Hakuna jambo katika somo hili linaloniumiza zaidi.

Sura zitakazofuata zitachukua kila kifaa nilichokigusa na kukifanyia kazi polepole, kwa hukumu za mahakama, kumbukumbu rasmi za Bunge, hotuba na tahariri za magazeti. Kabla hujazifikia, naomba usome jambo moja peke yako. Mchungaji Christopher Mtikila alidai kwamba Mtanzania ana haki ya kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 1994, Katiba ikarekebishwa kuliziba pengo hilo, Mahakama Kuu ikakubaliana naye tena mwaka 2006. Mahakama ya Rufani ilimkatalia mwaka 2010, ikisema suala hilo ni la kisiasa na la Bunge kuamua. Tarehe 14 Juni 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilimpa haki, ikiona kwamba Serikali haikuonyesha kwa nini umoja na utulivu wa nchi vinahitaji katazo hilo. Uchaguzi mkuu wa 2020 ulifanyika bila mgombea binafsi hata mmoja.

Hoja moja, nchi moja, na milango minne. Hukumu hizo ziko wazi kwa umma. Zisome ukiwa na kalamu, na kila inapokubaliwa au kukataliwa weka alama pembeni: hapa wamegusa sababu, hapa kiungo, hapa wamesema haitoshi, hapa hawakuigusa hoja kabisa bali wamesema si wao wa kuiamua. Alama ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote kuiweka, na tutaanza sura ya kwanza nayo.